Usukani wa Majengo

Mimi ni karani wa kutoa mizigo, na kutwa nzima bandarini Mombasa huwa nikitazama malori yanavyopanga foleni kuelekea Changamwe. Mwenye akili zake angerudi nyumbani mtaani Majengo akatazama kitu kingine. Mimi nilinunua usukani wa mtumba ili usiku niendeshe lori la kompyuta katika Euro Truck Simulator 2, mchezo uliotengenezwa Prague ukatoka mwaka 2012, ambamo dereva hubeba shehena kutoka mji hadi mji wa Ulaya na kutozwa faini anapokosea. Yaani nilitoa fedha zangu nikafanye kazi isiyo na mshahara.

Usiku wa kwanza niliubana kwenye meza ya kusukumia chapati, nikachomeka waya wa USB, na usukani ukawa mlegevu kama mfuniko wa sufuria. Kumbe mota iliyomo ndani, ile inayoshindana na mikono ya dereva, ina adapta yake na umeme wake. Nilipoichomeka ukutani, usukani ulijizungusha wenyewe kulia hadi mwisho, ukarudi kushoto hadi mwisho, kisha ukasimama katikati, kwa kuwa ndivyo unavyojipima kila unapowashwa. Mama mkwe, aliyekuwa akipita na tasbihi yake, hakungoja maelezo. Muda si muda sebule ilijaa moshi wa ubani, na mke wangu akaniuliza polepole, "Baba Salma, hicho kitu umekitoa wapi?"

Kwenye mipangilio ya mchezo nilikuta vipimo vya nguvu ya jumla, vya usukani kurudi katikati, vya mtikisiko wa injini na vya mashimo ya barabara. Nami, kwa hesabu ileile ya mtu anayejijazia pilau ya arusi, nilivuta vyote hadi mwisho. Lori lilikuwa limeegeshwa, injini inanguruma tu, lakini meza ilitetemeka na kikombe changu cha chai kikatembea chenyewe hadi ukingoni. Nilipoingia barabara iliyonyooka nikauachia usukani ili nijikune pua, ulianza kuyumba kushoto na kulia, kila mara ukizidi, mpaka nikajikuta mtaroni. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mota ina kikomo chake: ikishafika hapo, ukingo wa barabara na ufa mdogo wa lami huusukuma usukani kwa uzito uleule, mfano wa spika ya matatu iliyofunguliwa hadi ikakwaruza, ngoma na zeze vyote vikawa mkwaruzo mmoja.

Jumapili alikuja mjomba wangu, aliyeendesha trela za Malaba miaka mingi. Aliushika, akauzungusha mara moja, akauachia na kukung'uta kiganja.

"Mpwa wangu, lori gani hili lisilo na pawa?"

Alinieleza, kwa huruma niliyoiona ni ya kupita kiasi, kwamba usukani wa lori la kweli husaidiwa na majimaji na huzungushwa kwa kiganja kimoja, ila mizunguko yake ni mingi. Wangu niliuweka nyuzi 270, kama wa gari la mashindano. Nikaupandisha hadi 900, mizunguko miwili na nusu, naye akasema bado ni michache lakini tutavumiliana. Nguvu ya jumla niliipunguza karibu nusu, ya kurudi katikati nikaibakiza kidogo tu, na mtikisiko wa injini nikaushusha hadi kikombe kilipoacha kutembea. Mashimo sikuyagusa, kwani Mjomba alidai bila mashimo atasinzia.

Akaketi, akaniteua kuwa utingo wake, akatoka Calais, Ufaransa, ambako hushikwa upande wa kulia, yeye akishika wa kushoto kama alivyozoea, na hatukufika mbali kabla ya kukutana uso kwa uso na basi. Usukani ulimruka mkononi. Alama ya faini ikatokea kwenye skrini.

"Hata huku wapo?" Mjomba aliuliza, na mkono wake ulikuwa umeshaingia mfuko wa shati.