Bakteria kwenye chakula cha vifaranga vya sato: faida iko wapi?

Kifaranga cha sato anapoanza kula, utumbo wake bado haujapata wenyeji. Bakteria watakaowahi ndio watakaokaa, na maji ya bwawa yana kila aina, wakiwamo Aeromonas na Streptococcus, ambao humvizia samaki achoke ndipo wamwangushe. Ndiyo maana wauzaji wa probayotiki wanasema: tia bakteria rafiki kwenye chakula mapema, waishike nafasi.

Hoja hiyo si porojo. Katika majaribio mengi, hasa yaliyotumia Bacillus subtilis, sato waliolishwa bakteria hao walikua vizuri zaidi, na walipoambukizwa makusudi walikufa wachache. Bakteria hao hutoa vimeng'enya vya kusaidia kusaga chakula na kuamsha kinga ya samaki. Tena kila ugonjwa unaozuilika hivyo ni antibayotiki ambayo haikumwagwa majini, na usugu wa dawa hauishii bwawani.

Lakini majaribio hayo mengi yalifanyika kwenye matangi, maji yakiangaliwa kila siku. Kizimba cha Ziwa Victoria, yaani wavu wa kufugia samaki ziwani, si tangi. Upepo ukivuruga ziwa, maji ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda juu, samaki watakufa pamoja na bakteria wao rafiki tumboni. Hata ule wenyeji niliousema una walakini: mfugaji akiacha kuwalisha, mara nyingi bakteria hao huanza kupungua utumboni baada ya muda mfupi. Ni wapangaji, na kodi ni ya kila mlo.

Kisha kuna suala la joto, ambalo wauzaji huliruka. Chakula kinachoelea hupikwa kwa mashine yenye joto kali. Lactobacillus, aina nyingine ya bakteria rafiki, hawapiti hapo. Bacillus hupita kwa sababu hujifungia ndani ya spora, ganda gumu la kujikinga, na spora hiyo huwavusha pia kwenye tumbo la sato, lenye asidi kali ajabu kwa samaki mpole vile. Kwa hiyo ukiuziwa kopo, uliza ni bakteria gani, wako hai wangapi kwa gramu, na hadi lini. Kopo la Lactobacillus lililoshinda chini ya bati la duka miezi kadhaa huenda limebaki unga tu.

Kwa mfugaji wa bwawani, ambaye chakula tayari kinamla nusu ya gharama au zaidi, sioni haraka ya kununua. Apunguze msongamano kwanza, abadilishe maji, anunue chakula kisicho na ukungu. Kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga naona vingine. Kifaranga hula kidogo mno, gharama kwa kila mmoja ni ndogo, na chakula chake ni cha unga, hakina haja ya kupita kwenye mashine ya moto. Tahadhari moja: vituo vingi huwalisha vifaranga homoni ya kuwafanya madume kwa wiki tatu au nne za mwanzo, na homoni hiyo huyeyushwa kwa spiriti. Bakteria wachanganywe unga ukishakauka kabisa, la sivyo spiriti inaweza kuwaua, hasa wasio na spora.

Na mwenye kituo asimtegemee muuzaji. Atenge matangi mawili ya vifaranga walioanguliwa siku ile ile, chakula kile kile, tangi moja na bakteria, jingine bila, kisha kila asubuhi ahesabu waliokufa.