Mzee anasimama, kijana anazunguka: ubishi wa afya pembeni mwa ziwa

Juu kidogo ya stesheni ya Kigoma kuna kiwanja kwenye mteremko unaoangalia ziwa. Alfajiri, kabla jua halijavuka vilima, hukutana pale watu wawili. Mmoja ni mstaafu wa reli aliyeshavuka miaka sabini. Anavua viatu, analegeza magoti, anainua mikono usawa wa kifua kama mtu aliyekumbatia gunia la mkaa lisiloonekana, kisha anatulia hivyo dakika ishirini. Watoto wa shule walikuwa wanamuuliza kama anasubiri treni. Siku hizi wamemzoea. Wa pili ni kijana aliyeanzia kwenye karate, sasa anafanya taichi na ndugu zake wawili, shinyi na bagua. Huyo hatulii. Anazunguka duara lake taratibu, viganja mbele, utadhani kadondosha sarafu na hataki tujue.

Wiki iliyopita uvumilivu uliisha. "Mzee wangu," kijana alisema, "ungeongeza na mwendo. Kusimama tu ni gwaride la mtu mmoja." Mzee hakushusha mikono. "Na wewe mwanangu ungetulia kidogo. Unafukuzwa na nani?" Wakanigeukia mimi, ambaye nina kama miaka sita nikijaribu hiki na kile, wakataka niamue: kwa afya, mtu asimame, acheze ile mitindo ya mapigano, au achanganye? Nilijibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa nachelewa kazini. Jibu lenyewe ni refu.

Kwanza tuelewane kwa majina. Anachofanya mzee ni tawi la chigungu, mazoezi ya Kichina ya pumzi, mkao na utulivu wa akili. (Neno hilo halina undugu na Gungu yetu ya hapa mjini, ingawa nimeshaulizwa.) Tawi lake linaitwa kusimama kama nguzo. Taichi, shinyi na bagua ni sanaa za mapigano za Kichina, ila si zile tulizozijulia kwenye vibanda vya video, watu wakiruka mapaa huku mtafsiri akipiga kelele kuliko filamu yenyewe. Huitwa za ndani kwa sababu hazitegemei ukali wa msuli mmoja mmoja: mwili unalegezwa, unapangwa ukae kama kitu kimoja, na nguvu inatoka ardhini kupitia miguu na kiuno. Sun Lutang, aliyeishi kati ya 1860 na 1933, alizisomea zote tatu akaziandikia vitabu, na ndiye aliyechangia sana watu kuzihesabu kama familia moja.

Watetezi wa mseto wana hoja ya historia, na mimi naipenda. Katika shinyi ya zamani kusimama hakukuwa zoezi la pembeni. Kwa desturi mwanafunzi alisimamishwa kwenye mkao wa msingi, uzito mwingi mguu wa nyuma na mkono mmoja mbele, kwa muda mrefu kabla hajafundishwa kupiga. Wang Xiangzhai (1885–1963) alitoka katika shule hiyo, akaenda mbali zaidi: alizipunguza zile hatua za kukariri na kufanya kusimama kuwe moyo wa mtindo wake. Na alikuwa mpiganaji, si mganga.

Kilichotokea baadaye ndicho kimetuletea ubishi wa kiwanjani. Miaka ya 1950 China ilikuwa inatafuta tiba nafuu kwa umma mkubwa. Chigungu ikaingizwa kwenye vituo vya tiba, maarufu kikiwa kile cha Beidaihe chini ya Liu Guizhen, na Wang mwenyewe uzeeni akawa anafundisha wagonjwa kusimama. Muongo huohuo, mwaka 1956, kamati ya michezo ya taifa hilo ikaifupisha taichi iwe mikao 24, inayomalizika kwa dakika tano au sita, ili kila mtu aifanye uwanjani. Basi kusimama kukaenda wodini, mwendo ukaenda viwanjani. Mzee wetu kapata urithi wa wodi, kijana kapata wa kiwanja, na kila mmoja anadhani cha mwenzake ni kitu kingine.

Kwa mantiki hiyo, kuchanganya ni kurudisha kilichokuwa pamoja. Hoja tamu, lakini inathibitisha kidogo kuliko inavyodhaniwa. Aliyesimamishwa miezi na mwalimu wa shinyi alikuwa kijana mwenye mapaja ya mkulima, na lengo lilikuwa amwangushe mtu. Hakuwa na presha, wala goti linalolia akipanda mlima wa Mwanga. Waliotenganisha mambo haya miaka ya 1950 walikuwa na sababu: mgonjwa hawezi mafunzo ya mpiganaji, na katika mafundisho ya Wang kwa wagonjwa kulikuwa na mikao ya kuketi na ya kulala. Ukale wa jambo hautupi kipimo cha dozi.

Tuje kwenye vipimo. Mwaka 2012 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha utafiti wa watu 195 wenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walipata uthabiti wa mwili kuliko waliofanya mazoezi ya nguvu na kuliko waliojinyoosha tu, na walianguka mara chache kuliko hao wa kujinyoosha. Mwaka 2024 ukatoka mwingine, wa Beijing: watu 342 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia ugonjwa. Baada ya mwaka mzima, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa kama 7 kwa waliofanya taichi, na kama 4.6 kwa waliofanya mazoezi ya kuhemesha kama kutembea haraka na kukimbia. Hapo kijana anatabasamu.

Wa kusimama nao wana karata yao. Mwaka 2023 uchambuzi uliokusanya majaribio 270 ulionyesha kuwa mazoezi ya kukaza msuli bila kusogea ndiyo yaliyoshusha presha ya mapumziko kuliko aina nyingine zote zilizolinganishwa. Mzee alipoambiwa na mjukuu wake alinipigia simu siku hiyohiyo. Hapa inabidi nimkatize kwa heshima zote. Zoezi lililosifiwa sana pale ni la kuegemea ukuta na kushuka kama umekaa kwenye kiti kisichokuwepo. Kwa kawaida hufanywa dakika mbili, mapaja yakitetemeka, unapumzika, unarudia, mara nne. Mzee anasimama dakika ishirini akiwa juu, magoti yamelegea tu, halowi hata jasho. Ana utulivu na mkao mzuri, sikatai, lakini namba za ukutani hawezi kuzibandika kwenye nguzo yake. Akishuka zaidi atazikaribia, ila ndipo watu hubana pumzi bila kujua, na kubana pumzi huku umekaza misuli kunairusha presha juu papo hapo.

Sababu iliyonifanya niegemee upande wa mseto haikutoka kwenye jarida. Ilitoka kwenye vumbi. Mwezi wa Ramadhani miaka mitatu iliyopita, saa kumi alasiri, nilisimama uani kwangu nikiwa nimedhamiria dakika arobaini. Magoti niliyakaza bila kutambua. Macho yakaingia giza, na kumbukumbu inayofuata ni shavu langu chini na mke wangu akiuliza kama hii nayo ni sehemu ya zoezi. Maelezo yake si ya ajabu. Ukisimama tuli, damu inajikusanya kwenye mishipa ya miguu. Misuli ya vigimbi ndiyo pampu inayoirudisha juu, na pampu hiyo hufanya kazi mguu unapokanyaga na kuachia. Usipokanyaga, imelala. Ndiyo maana askari vijana, wenye afya zao, huanguka kwenye gwaride. Kwa mtu mwenye njaa, kiu, au anayemeza dawa za presha, hatari iko karibu zaidi. Kumbe hatua za taichi baada ya kusimama zina kazi ya wazi kabisa, nayo ni kuiamsha pampu. Mzee amalizapo huvaa viatu na kukaa kwenye jiwe. Ningependa atembee kwanza.

Kusimama nako kunaidai taichi deni. Mtu anayeanza na hatua moja kwa moja huwa anacheza mikono. Uzito wake haujui uko mguu gani, mabega yako masikioni, anakariri picha. Ukimsimamisha dakika tano kwanza, anaanza kusikia kisigino, nyonga, mgongo ulivyopinda. Njia rahisi ya kuelezea haya Kigoma ni boti ya dagaa. Hakuna mvuvi anayesimama kwenye boti kakaza magoti. Wimbi la kwanza litampeleka. Anasimama kalegea lakini kajaa, usiku kucha, taa zinawaka, na mwili unajirekebisha kila dakika bila yeye kufikiri. Kumsimamisha mtu kama nguzo ni kumfundisha ardhini kile ambacho mvuvi wa Kibirizi kafundishwa na maji. Ukishakuwa nacho ndipo hatua zina maana.

Upande wa pili, wa wasiotaka kuchanganya, una hoja moja nzito, nayo ni goti. Taichi inageuza mwili huku uzito uko kwenye mguu uliokunjwa. Mguu na goti vikielekea pande tofauti, goti ndilo linalolipa. Hapa kwetu wengi wanajifunza kwa simu, na video inaonyesha mikono vizuri, goti vibaya. Kusimama kuna mambo machache ya kukosea, kwa hiyo asiye na mwalimu atapata hasara ndogo. Hilo nakubali. Lakini lisigeuzwe kuwa taichi ni adui wa magoti: mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa watu 204 wenye magoti yaliyosagika, na wiki 12 za taichi ziliwapunguzia maumivu sawa na fiziotherapia. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na mwalimu anayewatazama. Kijana wetu anashuka chini mno kwa sababu inapendeza kwenye picha. Nimemwambia, kanuna.

Hoja ya muda nayo ipo, kwamba mtu hana nafasi ya kufanya vyote viwili, ila mimi ningeiuliza kwa namna nyingine: mwili wa mtu huyo umeshafanya nini leo? Mama anayefungua meza ya mawese sokoni asubuhi na kuifunga jioni ameshasimama kuliko mtaalamu yeyote wa Beijing. Kumwambia akasimame tena kwa ajili ya afya ni kumtania. Anahitaji hatua, kuzungusha kiuno, kuinua mguu mmoja na kuutua. Karani wa ofisi aliyekaa kwa muda wa saa nane anahitaji vyote viwili, na dereva wa bodaboda anayejikunja kutwa huenda kusimama ndiyo dawa yake ya kwanza ya mgongo.

Kisha kuna ile chi yenyewe, nguvu inayosemwa kuzunguka mwilini. Kigoma na Ujiji ni miji ya misikiti na makanisa, na watu huuliza kwa haki kabisa kama unaalika kitu ndani. Neno hilo kwa Kichina linabeba pia maana ya hewa na pumzi. Joto na msisimko wa viganjani mtu anaposimama vinaelezeka kwa damu na kwa akili iliyoelekezwa mahali pamoja. Zoezi linafanya kazi kwa asiyeamini chochote kuhusu chi. Kinachonitia wasiwasi ni wauzaji. China yenyewe miaka ya 1980 ilipata homa ya chigungu, walimu wakijaza ukumbi na kudai kuponya kwa kunyoosha mkono, na madaktari wa akili wakaanza kupokea watu waliochanganyikiwa kwa kuzidisha. Sisi hatuna haja ya kushangaa. Mwaka 2011 tulipanga foleni kwenda Loliondo kunywa kikombe, na wapo walioziacha dawa zao nyumbani. Anayekuambia kusimama kunatosha uache vidonge vya presha, mwache yeye kwanza.

Kwa hiyo niliwaambia hivi. Mzee: dakika nane mpaka kumi za kusimama, pumzi ijiendee, kisha dakika kumi za hatua rahisi, uzito ukihama mguu mmoja hadi mwingine, mkao wa juu. Asisimame akiwa na njaa, na vidonge viko palepale. Kijana: asimame dakika tano kabla ya duara lake, na apandishe makalio juu kidogo, kamera itaelewa. Wote wawili wakumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za kuhema kwa wastani kila wiki, na kwa wazee mazoezi ya nguvu na uthabiti wa mwili siku tatu au zaidi. Dakika ishirini za kukumbatia gunia la mkaa hazifiki huko.

Mzee alifikiri. "Taichi yangu," akasema, "itakuwa kwenda Kibirizi kwa miguu kununua dagaa na kuupanda mlima kurudi." Kijana akacheka akidhani ameshinda. Mimi sikucheka. Kwa moyo na mapafu, mlima ule unaweza kuipita taichi kwa mbali. Usichompa ni kukanyaga pembeni, kurudi kinyumenyume, kusimama mguu mmoja huku mwili unageuka, na wazee wengi huangukia hapohapo, wakigeuka ghafla kwenye kizingiti cha jikoni. Nilimwomba aoneshwe hatua tatu tu. Akasema atafikiria, akainua mikono tena.