Siku niliyojikuta chumba kimoja na mama mkwe

Naandika leo kwa sababu kesi imeisha, faini nimelipa, na mama mkwe ameanza tena kuniitikia shikamoo, japo bado anaitikia huku anaangalia ukuta.

Ilianza hivi. Shemeji yangu, kaka wa mama watoto, yuko Durban miaka mingi na Mungu kamfungulia riziki. Msimu wa korosho uliopita akapiga simu anasema anataka kumpandisha mama yake meli. Sio ya mizigo jamani, ile ya starehe, ghorofa linaloelea, lina mabwawa ya kuogelea na ukumbi wa maonyesho, linatoka Durban siku nne linaenda kwenye kisiwa kimoja jirani na Inhaca huko Msumbiji halafu linarudi. Na sisi wote twende tumsindikize bibi, yeye analipa.

Sasa mtu wa Mtwara ukimwambia unaenda kutalii Msumbiji anakucheka. Kutoka kwangu Magomeni unaenda Kilambo, unavuka Ruvuma, uko Msumbiji na chai ya kwenye chupa bado inaunguza. Sisi tupande ndege mpaka Dar, Dar mpaka Johannesburg, Johannesburg mpaka Durban, ndio tugeuze na meli kuja kuiangalia Msumbiji. Mama mkwe, mzaliwa wa Msanga Mkuu, mtu aliyekulia kwenye mitumbwi, akauliza mara mbili: "Yani ntu unazunguka dunia kwenda kwa jirani?" Lakini alikubali, na kesho yake Msanga Mkuu nzima inajua.

Kilichoniponza ni sifa. Shemeji alisema, "Shemeji wewe ndio msomi hapo, ongea na wakala, jaza majina, mimi natuma hela." Msomi! Nikavuta kiti nikavaa na miwani.

Tuko saba. Mimi, mama watoto, mama mkwe, halafu watoto wanne: binti wa miaka 17, kijana wa 12, wa kiume wa miaka 5 ambaye kwa kweli ni janga, na kitinda mimba wa miezi 9. Nikapanga kibinadamu kabisa. Mama mkwe chumba chake peke yake, maana alishasema halali na watoto wanapiga mateke. Mimi na mke wangu na kichanga chetu. Waliobaki chumba chao. Nikamtumia wakala nikijiona nimemaliza.

Voisi ikarudi ya dakika tatu. Kwanza, bei zao ni za watu wawili kwenye chumba, ukilala peke yako unalipa kama mko wawili, kwa hiyo mama mkwe ananunua tiketi yake na ya jini. Ila wa tatu na wa nne kwenye chumba hichohicho wanalipa kidogo tu, ndio maana watu wenye watoto wanajazana. Pili, kila chumba lazima awepo mtu aliyetimiza miaka 21. Sio 18 ya kupigia kura, 21. Kuna kampuni wanawaacha watoto walale wenyewe kama chumba cha wazazi kiko ubavuni au mkabala, hii ya kwetu haikuwa na huruma hiyo.

Nikafanya ambacho baba yeyote mwenye bando la saa moja angefanya. Nikamzeesha binti, kwenye fomu nikamwandika ana 21. Yeye kasimama nyuma yangu anachungulia, akasema, "Baba, kama nina 21 basi ile simu yangu naomba nirudishiwe." Sijajibu, wakala akaandika: "Mzee wangu, tarehe ya kuzaliwa inasomwa kwenye paspoti siku ya kupanda." Nikarudisha 17, binti akanuna siku mbili kama kanyang'anywa cheo.

Basi nikasema vyumba viwili, na kichanga nimtoe kwenye hesabu. Jamani huyu ananyonya! Kwenye basi la Mtwara Dar mtoto wa miezi 9 unampakata mpaka Mbagala na konda hata hakuangalii. Wakala akanipigia kabisa, nadhani alichoka kuandika. Akasema meli haihesabu viti, inahesabu roho. Kila chumba kina idadi yake na kila eneo la meli lina idadi yake kwa sababu ya boti za uokozi, na mtoto wa siku yoyote ni mtu mmoja. Akanikumbusha Titanic, 1912, ilikuwa na boti za kutosha karibu nusu tu ya waliokuwemo, na ndio maana 1914 mataifa yakakaa London yakaandika mkataba wa kwanza wa usalama wa meli, ambao umeandikwa upya mara kadhaa mpaka ukafika huu unaofuatwa leo. Halafu akaongeza tushukuru mtoto ana miezi 9, chini ya miezi 6 asingepanda kabisa, na zile safari za kukata bahari kuu kampuni nyingi wanataka awe ametimiza mwaka.

Mama mkwe alikuwa pembeni anabangua korosho na simu iko spika. Akasema taratibu, "Wangehesabu hivyo ile Spice Islander." Ile meli iliyozama 2011 ikienda Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Tukanyamaza wote kidogo. Nikamrudisha kichanga kwenye orodha.

Sasa ndio ikaja hesabu ya vitanda, na hapa naomba mnifuatilie vizuri kwa sababu ndio utetezi wangu niliotoa kwenye kikao. Chumba cha watu wanne kina vitanda viwili chini, vinaweza kuunganishwa kikawa kimoja kikubwa au vikaachanishwa, na viwili vya juu vinavyokunjwa ukutani, usiku vinashushwa vinakuwa kama dabodeka. Mtoto chini ya miaka 6 haruhusiwi kulala juu. Kwa hiyo janga letu la miaka 5 lazima apate kitanda cha chini, mama yake cha chini pembeni yake, kichanga kwenye kijitanda chake, na nafasi ya nne ni ya juu. Chumba cha pili mama mkwe na wajukuu wakubwa wawili. Imekaa vizuri kabisa, mtu mzima kila chumba, hakuna mwenye neno. Shida moja tu, ile nafasi ya nne ya juu ni yangu.

Mimi nina kilo 98. Darasa la tano nilidondoka kwenye mkorosho nikavunjika mkono, na toka siku hiyo mimi na kwenda juu tulishaachana. Bweni nililala chini miaka minne, aliyekuwa juu yangu nilikuwa nambebea maji.

Ilikuwa saa tano usiku, watu wote wamelala, bando linasoma mwisho mwisho. Nikamuuliza wakala, je binti akikaa juu kwa mama yake, mimi nikaandikwa kile chumba kingine, haiwezekani? Akasema inawezekana, familia nyingi zinafanya, jina linakaa kwenye karatasi tu, mkishaingia melini mnaomba funguo za ziada mnalala mnavyotaka. Nikaona mwanga. Mle ndani mama mkwe angehamia kwa binti yake alale na mjukuu wake, binti wa 17 angekuja kwangu. Karatasi iseme yake, vitanda viseme vyake. Nikabonyeza endelea, endelea, endelea, kukubali, nikalala usingizi wa mtu mwenye akili.

Asubuhi ikaja barua pepe ina faili. Sikuifungua. Nasema ukweli mbele za Mungu, sikuifungua. Niliituma kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wa mke wangu, watu sitini na kitu, nikaandika juu yake: "Mambo yameiva, Mungu ni mwema."

Mjomba wa mke wangu ni mwalimu mstaafu. Wote sisi tukiona Kingereza tunaweka kidole gumba tunapita, yeye anasoma mpaka masharti ya chini yale madogo. Akatuma voisi. Mimi niko Soko Kuu nanunua samaki, nikaifungua kwa spika katikati ya watu.

"Wanandugu, nawatafsiria ukurasa wa pili. Chumba namba fulani. Msafiri wa kwanza, Bwana," akataja jina langu lote mpaka la babu. "Msafiri wa pili, Bibi," akataja jina la dada yake. "Uhusiano na msafiri wa kwanza: mwenza. Kitanda: kimoja, kikubwa. Watoto: mmoja, miaka 12. Mwisho wa kunukuu."

Muuza samaki akaacha kupaa magamba.

Kumbe ile fomu ina kisanduku cha uhusiano, ukikiacha bila kugusa kinajiandika mwenza. Na cha kitanda usipogusa vinaunganishwa. Mimi nilikuwa nabonyeza endelea. Kwa hiyo kwa maandishi, na kwa hela ya mtoto wake mwenyewe, nilikuwa nimemwoa mama mkwe, tumezaa, na tunaenda matembezi na mtoto wetu wa darasa la sita.

Na nyie mnajua huku kwetu mkwe ni mkwe. Mimi mkwe wangu akipita natoka barazani. Sahani yake sishiki. Siku moja nilikaa kwenye kiti chake bahati mbaya kikaanikwa juani.

Nafika nyumbani nakuta begi lake halipo. Alipanda bajaji mpaka feri, akavuka na kivuko kurudi Msanga Mkuu, na njia nzima alijifunika kanga usoni mpaka abiria wakadhani amefiwa. Mke wangu hakupiga kelele, angepiga ingekuwa afadhali. Alinitengea chai akasema, "Karibu, baba." Yani kama anasema na baba yake wa kambo. Nikaelewa.

Kikao kilikuwa Jumamosi, chini ya mwembe Msanga Mkuu, mimi nimekaa kwenye mkeka peke yangu, wajomba watatu kwenye viti. Nikaeleza. Nikachora vitanda kwenye mchanga na kijiti, huyu chini, huyu juu, huyu hatimizi sita, boti za uokozi, London 1914. Mjomba mkubwa kanisikiliza vizuri sana mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo yote hii ni kwa sababu unaogopa kulala juu?"

Watu walicheka mpaka mwingine akaenda kuegemea mtumbwi. Nikapigwa faini ya mbuzi mmoja, kuku wawili na doti ya kanga kwa mama mkwe. Wakataka na ile karatasi ichomwe hadharani, nikasema haijaprintiwa, iko ndani ya simu. Mzee mmoja akasema basi ichomwe simu. Aliniokoa mwalimu mstaafu, aliyewaeleza kwamba hata ikichomwa simu grupu zima wanayo.

Wakala nikamwambia kila kitu akazima maikrofoni, najua alikuwa anacheka. Akarekebisha uhusiano, akaachanisha vitanda, majina akayarudisha kwenye ule mpango wa mama mkwe kulala na wajukuu wakubwa, na akatutafutia vyumba viwili vyenye mlango katikati ili bibi awe karibu na wajukuu. Na kitanda cha juu kikaandikwa jina langu.

Safari tulienda, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote mkononi, na meli ni nzuri kwa kweli, sitaki kusema uongo. Kabla ya kuondoka wote mnaenda kwenye kituo chenu cha dharura mnahesabiwa, watoto wakavishwa bangili zenye namba ya kituo, na kichanga akapewa laifu jaketi lake dogo. Mama mkwe alilishika akaligeuza geuza akasema, "Kweli na huyu ni ntu." Bwawani huyo ntu hakuingia lakini, mtoto wa nepi hawamtaki majini, hata ukimvisha ile ya kuogelea.

Usiku wa pili ndio nilioamka na haja. Bahari imechafuka, meli inainama huku inainuka kule, giza totoro, nikateremsha mguu kutafuta ngazi. Hakuna ngazi. Nikapapasa kulia, kushoto, hakuna. Yule janga aliitoa kabla ya kulala, nilikuja kuambiwa alikuwa anavua papa nayo. Nikamwita mke wangu kwa kunong'ona, mke wangu na kichanga wamezimika. Na mimi juu nimening'inia mguu mmoja, ule mkorosho wa darasa la tano wote umenirudia.

Mlango wa katikati ukafunguka.

"Nani anahangaika?"

Nikanyamaza. Ningejibu nini? Lakini kitanda kikalia kriii, na kilo 98 hazifichiki.

Nikasikia mtu anapapasa chini, anavuta kitu, kinagonga ukuta. Ngazi ikaja ikasimama chini ya mguu wangu. Kwa ule mwanga mdogo wa chooni nikamwona, kaishika kwa mikono yote miwili, kajifunika kanga kichwa kizima, kageuzia uso dirishani.

"Shuka, nkwe," akasema. "Sikuangalii."