Kaye haiombi mega: programu za kupanga kazi katika mji wa Goma

Msimu wa TFC, ile kazi ya utafiti ya kumalizia masomo ya chuo, ulipokaribia, mpwa wangu alikaa nami siku mbili kibandani akanitengenezea ubao wa kazi ndani ya Notion, programu ya kupangia kazi. Nina kibanda cha kuchapa, fotokopi na skani hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na msimu huo wanafunzi hufika kwa mkupuo, kila mmoja na flashi yake na haraka yake. Ubao ulikuwa mzuri kweli. Kila kazi ilipewa kadi: jina la mteja, idadi ya kurasa, alichotanguliza, siku anayoitaka. Hatua moja ikiisha, unaisukuma kadi kwenye safu inayofuata, mpaka mwenyewe aje kuchukua. Pembeni aliniwekea ratiba ya siku nzima kwa rangi: asubuhi kuchapa, mchana kusahihisha, jioni hesabu.

Wiki ya pili nilikuwa nimerudi kwenye kaye, daftari langu la karatasi. Siku nne mfululizo kuran, yaani umeme, ilikuja usiku, na ile rangi ya asubuhi ikawa inanidai kazi nisiyoweza kuifanya. Mpwa wangu aliniambia kwa heshima, lakini bila kuficha: "Mjomba, mji wenye vurugu ndio unahitaji mpango." Mama jirani anayeuza unga, ambaye ndiye anayetunza hesabu za likelemba yetu, mchango wa kupokezana, alisikia akainua daftari lake juu: "Kaye haiombi mega." Mega ndilo bando la intaneti.

Kauli hizo mbili nimezigeuza kichwani kwa miezi. Sioni namna ya kuitupa hata moja.

Nianze na ya mpwa, maana ndiyo inayodharauliwa haraka na watu wa umri wangu. Kazi ya kibanda ni kumbukumbu. Mtu anakuachia dola tano Jumanne, Ijumaa anaapa aliacha kumi. Mwingine anamtuma rafiki achukue kazi ambayo haijalipwa. Nilipokuwa na ubao, ubishi wa namna hiyo ulipungua, kwa kuwa nilifungua kadi mbele ya mteja tukasoma pamoja. Kalenda ya simu nayo imewaokoa vijana kadhaa ninaowajua. Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa, na mtu aliyeitwa kwa usaili wa video na ofisi ya Kinshasa akikosea hesabu hiyo huingia wakati wenzake hawajafika, au huandika saa ya Goma huku simu yake ikisoma ya Kinshasa, akakaa akidhani bado ana muda. Mwaliko ukitumwa kwa kalenda, simu iliyowekwa saa sahihi inabadilisha yenyewe. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayetafuta kazi.

Ubao wa kadi wenyewe una asili inayofaa kujulikana. Unatokana na kanban, kadi za viwanda vya Toyota huko Japani, mfumo uliojengwa na Taiichi Ohno. Kituo cha mbele kikihitaji kipande, kadi inarudi nyuma kukiomba, na hakuna anayelundika kazi ambayo haijaitwa. Trello ilipotoka mwaka 2011 ililiweka wazo hilo kwenye skrini ya mtu yeyote mwenye intaneti, na programu nyingine nyingi zikafuata. Ninachokipenda katika kanban ni kwamba haiulizi ni saa ngapi. Inauliza kazi imefika wapi. Kuran ikikatika saa nne asubuhi na kurudi saa nne usiku, kadi inakungoja palepale ulipoiacha, wala haikusemi.

Ratiba ya rangi ni kitu kingine kabisa, na kosa langu lilikuwa kuvitupa vyote viwili kwa pamoja. Violezo vingi vinavyozunguka kwenye simu za vijana wetu, vile vya amka saa kumi na moja, andika malengo, fanya kazi kwa vipande vya dakika 25, vinachukulia kwamba saa ni mali yako. Hizo dakika 25 ni za Francesco Cirillo, aliyekuwa mwanafunzi Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, akijipimia muda wa kusoma kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kwa mwanafunzi aliyefunga mlango wa chumba chake, njia ile ina akili. Kwa dada anayeshona nguo nyumbani kwake katika mtaa wa Ndosho, dakika 25 zinakatwa na zamu ya bidoni kwenye bomba, na mteja aliyekuja kupimwa bila kuahidi, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya ada. Ukimpa dada huyo kiolezo cha Cirillo, jioni utakuwa umempa orodha ya mambo aliyoshindwa, ilhali ameshona magauni mawili.

Na kuna jambo zito kuliko maji na umeme. Kilio kikitokea mtaani, hakuna anayeuliza kama una nafasi. Unafunga mlango, unakwenda, unakaa na wenzako. Kesho yake programu inakuonyesha kwa rangi nyekundu kwamba umechelewa kazi saba. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema chombo ni chombo tu, hakina upande. Kina upande. Kilitengenezwa kwa mtu anayehesabiwa peke yake, mwenye siku inayoanza na kuisha mikononi mwake, na kila anayemsogelea anaonekana kama usumbufu. Mimi siku yangu nimeigawana na watu, nao wameigawa yao kwangu nilipofiwa. Sitaki kitu kinachoniandikia deni kwa ajili ya hilo.

Lakini, na hapa ndipo mpwa wangu alipoanza kunishinda, programu hizi zinageuzwa zikufae. Ndiyo maana ya kununua unga badala ya mkate: unaukanda upendavyo. Nilipomwambia kisa cha ratiba, hakubishana; aliifuta yote akaniuliza siku yangu inaongozwa na nini hasa, kama haiongozwi na saa. Nikafikiri. Inaongozwa na kuran, na mega, na kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Tukatengeneza orodha nne. "Kuran ikiwepo": kuchapa, kuskani, kuchaji betri. "Bila kuran": kusahihisha kwenye karatasi, kufunga vitabu, kupanga rafu. "Nikiwa na mega": kutuma faili, kujibu wateja walio mbali. "Nikivuka": wino, karatasi, vipuri. Sasa umeme unapokuja, saa yoyote, sipotezi dakika kumi kujiuliza nianze wapi. Nafungua orodha moja tu.

Baadaye niliona kwamba jambo hili lina msingi. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti wa watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, na kila mmoja aliifunga tabia yake kwenye tukio linalojirudia kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Wengine walikadiriwa kuhitaji siku 18, wengine 254. Katikati ni siku 66. Mtandaoni watu wameigeuza hiyo 66 kuwa sheria, na wanaikosa habari yenyewe: kinachoibeba tabia ni tukio linaloitangulia. Goma haikosi matukio. Kengele ya misa, Jumamosi ya salongo, kazi ya usafi ya pamoja, mlio wa friji ya jirani umeme unaporudi. Daftari la ratiba linalouzwa dukani halina ukurasa wa "kuran ikiwepo". Programu inayogeuzwa inao, ukiutengeneza.

Gharama ya kuitengeneza ipo, nisiifiche. Nimeona vijana wanaobadilisha rangi na picha za juu kila Jumapili, na Jumatatu ubao una sura mpya lakini kazi zilezile. Na kila kufungua ni mega.

Sasa tugeuke upande wa mama jirani, tuulize kaye inaishi muda gani. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo, volkano iliyo juu yetu, ilipita katikati ya mji huu. Iliunguza nyumba na maduka, na ndani yake madaftari ya madeni, diploma, vyeti vya kuzaliwa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, siku ya Jumamosi jioni, na siku tano baadaye tukaamriwa kuondoka katika mitaa 10 kati ya 18 ya mji. Mimi nilitoka na mfuko mmoja kuelekea mji wa Sake. Kaye ya madeni ilibaki kwenye droo. Niliikuta nzima niliporudi, lakini njia nzima nilikuwa nikijaribu kukumbuka nani ananidai na ninamdai nani, na majina hayakunijia. Mtu wa Goma anayesema karatasi ni salama kuliko simu amesahau tunaishi chini ya nini.

Anayesema intaneti ni salama naye amesahau mengine. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikakaa hivyo karibu wiki tatu. Mwishoni mwa Januari 2025 vita ilipoingia mjini, umeme, maji na intaneti vilikatika, na benki zikafunga. Waliokuwa na orodha zao zote mtandaoni walikaa na simu zisizojua lolote. Muuza simu mmoja aliniambia hesabu yake ya wiki zile aliijenga upya kutoka kwenye ujumbe wa malipo ya simu aliokuwa hajaufuta, basi.

Tena kampuni zinazotoa vyombo hivi hazina agano nasi. iGoogle, ukurasa ambao mtu aliupanga apendavyo, barua hapa, habari pale, kalenda kando, ulifungwa Novemba 2013. Wunderlist, orodha ya kazi iliyopendwa sana, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015 na kuzimwa Mei 2020. Evernote, programu ya kuandikia kumbukumbu, mwishoni mwa 2023 ilimwekea mtumiaji asiyelipa kikomo cha maandishi 50. Google nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa; mwenye akaunti aliyehama vitani na kupoteza simu anaweza kuingia humo bila kujua. Kadiri ulivyoigeuza programu ikufae wewe tu, ndivyo ilivyo vigumu kuihamishia kwingine. Orodha ya mistari inahama kwa urahisi. Ubao wenye safu, kanuni na viunganishi vyake mara nyingi unahama ukiwa umevunjika.

Jambo moja nitalipita haraka kwa sababu kila mtu hapa analielewa: simu yenye maisha yako yote ndani ni simu inayoweza kufunguliwa na mwingine. Majina ya wateja wangu sasa ni herufi mbili na namba.

Nilipofika, baada ya yote, ni hapa. Siku ya leo naiendesha kwenye kaye, kwa zile orodha nne, na ukurasa wa orodha hizo nimeuchapa nikaubandika ukutani. Ubao wa kadi nimeurudisha kwa msimu wa TFC tu, katika jedwali la kawaida la Google ambalo nimeliwekea alama ya kufunguka bila intaneti, jambo ambalo lazima ulifanye ungali na mega. Madeni, mikataba na nakala za vyeti vya familia viko mtandaoni, na mwisho wa kila mwezi navishusha kwenye flashi. Kipimo changu ni kimoja: kikikosekana siku tatu, kibanda kitasimama? Ubao wa kwanza wa mpwa wangu ungekisimamisha. Kaye peke yake, ile wiki ya Sake, ilikisimamisha pia.

Likelemba ndiyo iliyonitia shaka kwamba nimemaliza. Tuko wanachama 14, na nilipendekeza hesabu zihamie kwenye jedwali la pamoja ili kila mmoja aone. Mama jirani alikataa, na sababu yake haikuwa mega. Kati yetu wenye simu za skrini ni watano. "Mu jedwali lako," alisema, "watano wataona, tisa wataambiwa." Kila Ijumaa yeye husoma kaye kwa sauti, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi, na mtu akiona kosa husema papo hapo mbele ya wote. Usomaji ule ndio ukaguzi. Nilikuwa nimehesabu faida ya kuandika nikasahau faida ya kusomewa, na sijui programu inayoweza kuchukua nafasi yake katika chumba chenye watu tisa wasio na simu hiyo.

Nikamwomba kitu kimoja, akakubali: baada ya kusoma, ukurasa wa wiki unapigwa picha na kutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp na kwenye sanduku moja la barua pepe ambalo watatu kati yetu wanajua nywila yake. Mlima ukituhamisha tena, picha zitatutangulia. Tumefanya hivyo Ijumaa kumi na moja. Ya kumi na mbili mama jirani amesafiri kwenda Minova kwa ajili ya unga, kaye ameichukua, na hatujakubaliana bado ni nani atakayeitunza akiwa safarini.