Kilio ya samaki ku Himbi, Goma

Akwariamu yangu ilikuwa safi, majani inaota vizuri, juu nilifata sheria ya kukataza mwani, ile uchafu ya kijani inaota ndani ya maji: taa inawaka masaa 7, isipite 8, akwariamu isikae ku dirisha jua ikaipiga, samaki banakula kidogo mara moja kwa siku, na kila juma natoa robo ya maji naweka ingine. Mwani unapenda mwanga na mabaki ya chakula, ukimunyima ile vitu, majani njo inashinda.

Njo Koko, nyanya yetu, akatoka Bukavu na bato ya ku ziwa kuja kutusalimia.

Umeme ya Goma munaijua. Ile taa ya samaki niliifunga ku batri ya solari, basi avenue muzima giza, samaki peke yabo banaona. Koko akavuta kiti, akasomea Biblia pale. Batoto bakaleta kazi za masomo, jirani akaleta sinia ya kuchagulia muchele. Minitri, ile saa ya kuzima taa yenyewe, ilikuwa inazima, Koko akaingoa. Nikamwambia, "Koko, hii mwanga ni ya majani." Akanijibu, "Majani njo inasoma?"

Na nikilala anabatupia bugali, ati samaki ba muntu mwenye kazi habakonde vile. Bugali ikaoza, maji ikakuwa kijani kama sombe, samaki huone, unaona tu mudomo moja ku kioo inaomba musaada.

Dawa ya maji ya vile ni giza. Unabadilisha maji kiasi, unafunika pande zote siku 3 ao 4, hakuna taa, hakuna chakula, mwani unakufa, majani yenyewe inavumilia. Koko akatoa vitenge vyake vyeusi vya kilio tukafunika, nikafunga na rido, nikaenda kazi.

Bamama ba korali bakapita kumusalimia. Bakakuta saloni giza, kitu kirefu ku meza kimefunikwa nyeusi, Koko kando na rozari yake ya kila siku. Moja akauliza pole pole, "Mama, ilianza lini?" Koko, ye anafikiri ni maji: "Ilianza kidogo kidogo, mwanangu. Hata bugali tulibapa, haikusaidia."

"Tulibapa"! Kumbe ni zaidi ya moja! Bakapiga yowe.

Mi narudi magaribi, viti vya kukodi mbele ya mulango, gunia ya makala, sukari, muzee wa avenue anapanga batu ba kukesha. Jirani akanikumbatia, "kaza roho", nikaanza kuhesabu batoto. Bote beko. Koko naye eko, anakunywa chai ya kilio, ananiuliza ni nani amekufa.

Ikabidi nifunue mbele ya batu bote. Samaki bakakimbilia ku kioo bote pamoja, bakaachama midomo. Kimya. Kisha mama moja: "Na sukari yangu?"

Sukari ikarudi, viti vikarudi, makala Koko alishawasha ku mbabula. Na giza ikabidi ianze upya, lakini vitenge vyeusi Koko alikataa, akanipa ya maua.