Siku tatu za Texas na makaburi ya Shakahola

Makaburi ya msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yalipoanza kufukuliwa Aprili 2023, swali la kwanza lilikuwa marehemu ni nani. La pili ni gumu zaidi: alikufa lini? Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeshtakiwa kwa vifo vya wafuasi wake waliozikwa humo na ambaye amekana mashtaka, alikamatwa Machi mwaka huo, akaachiwa kwa dhamana, kisha akakamatwa tena katikati ya Aprili. Kati ya kukamatwa mara ya kwanza na ya pili ni wiki chache tu, na kwa mwendesha mashtaka, au kwa wakili wa utetezi, si mamoja kama mtu alikufa kabla ya wiki hizo au ndani yake.

Hapo ndipo wapenzi wa sayansi mpya wanapotuambia tuuulize udongo. Mwili ukioza, majimaji yake yenye naitrojeni nyingi hushuka ardhini, udongo ukawa mweusi na wa kunata. Bakteria waliokuwapo hupungua, wengine huingia, na zamu hizo zina mpangilio. Anayeujua anaweza kuhesabu siku kwa kurudi nyuma. Mwaka 2024, timu ya Jessica Metcalf wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado ilichapisha matokeo ya miili 36 iliyotolewa kwa hiari kwa ajili ya sayansi, ikafuatiliwa katika vituo vya Tennessee, Texas na Colorado, misimu yote minne. Vijidudu wa aina zipatazo 20 walijitokeza kwenye vituo vyote, pakavu na penye unyevu. Kompyuta iliyofunzwa kwa data hiyo ilikisia muda tangu kifo kwa kukosea siku tatu hivi.

Siku tatu! Ni kazi nzuri sana, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na jinsi tarakimu hiyo inavyosafiri bila mizigo yake. Miili ile 36 ililazwa juu ya ardhi. Hakuna hata mmoja uliofukiwa. Tena ilifuatiliwa kwa siku 21 tu, wakati Shakahola kuna waliokaa chini ya udongo miezi mingi kabla jembe halijawafikia. Saa iliyopimwa kwa wiki tatu haiwezi kuulizwa habari za mwaka jana.

Kuna na jambo la inzi. Watafiti wenyewe wanaona kwamba wadudu huenda ndio wanaowabeba baadhi ya vijidudu hao muhimu kutoka mzoga mmoja hadi mwingine. Sasa fukia mwili, ushindilie udongo juu: inzi wengi hawafiki, hewa haipiti vizuri, joto la mchana halishuki lote. Mwili uliozikwa huoza polepole kuliko ulioachwa wazi, na zamu za bakteria nazo hubadilika. Halafu fikiria mwili wenyewe. Wanaotoa miili yao kwa vituo vile wengi ni wazee. Shakahola walifukuliwa watoto, na uchunguzi wa maiti ulionyesha wengi walikufa kwa njaa. Mwili uliokwisha mafuta, na tumbo lisiloona chakula kwa wiki kadhaa, utawapa bakteria karamu ileile? Sijaona aliyepima.

Wanaouliza maswali haya huitwa waoga wa maendeleo. Wangeitwa hivyohivyo Marekani miaka ya themanini, kama wangehoji ushahidi wa kulinganisha nywele kwa darubini. Mwaka 2015, FBI yenyewe, shirika la upelelezi la nchi hiyo, ilikiri kwamba katika angalau asilimia 90 ya kumbukumbu za kesi zilizopitiwa, wataalamu wake walitoa kauli zilizovuka mipaka ya sayansi. Baadhi ya washtakiwa walikuwa wamehukumiwa kifo. Nywele hazikusema uongo. Waliozisemea ndio waliotia chumvi, nao walikuwa na koti jeupe na darubini, kama atakavyokuwa huyu wa bakteria.

Hata hivyo udongo una kazi nyingine ambayo naiunga mkono bila kusita, nayo ni kuonyesha mahali. Huko Tennessee, udongo wa kaburi lililozikwa miili kadhaa ulipimwa baada ya miaka minne, na kemia yake pamoja na minyoo midogo iliyomo bado ilitofautiana na ya udongo wa jirani. Katika utafiti mwingine, bakteria wa utumbo wa binadamu walionekana chini ya miili iliyolazwa juu ya ardhi hata baada ya siku 198. Maana yake, anayehamisha maiti usiku hahamishi kila kitu. Kwa mpelelezi anayetafuta kaburi lililofichwa, au lililokwisha kuhamishwa, hilo lina thamani kuliko tarehe ya kubahatisha.

Na gharama ya kuanza si kubwa. Kaburi linapofunguliwa, kijiko kisafi kichote udongo chini ya mwili, kingine hatua kumi pembeni kwa kulinganisha, kila chupa iandikwe kina, tarehe na saa, iingie kwenye barafu kabla jua halijapanda. Wakati huohuo chuo kimoja cha pwani kizike nguruwe kwenye udongo wa Kilifi, kwa vina tofauti, kiwafukue mmojammoja kwa miaka miwili. Hadi hapo, mtaalamu akisimama kizimbani na kutaja siku tatu, wakili amwulize miili ile ya Texas ilizikwa futi ngapi.