Chikungunya: barafu kwanza, maji ya moto baadaye

Lamu mwaka 2004, vipimo vya damu vilionyesha kuwa watu wapatao 3 kati ya kila 4 waliambukizwa chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Mombasa ikafuata mwishoni mwa 2017. Homa yenyewe hukatika ndani ya wiki moja hivi, lakini vifundo, viganja na vidole vinaweza kuuma kwa miezi, hata miaka.

Nyumbani tunakimbilia moto: kumkanda mgonjwa kwa maji ya moto, kumchua kwa mafuta makali. Tumelelewa tukiamini kwamba baridi ndiyo inayoingia mifupani, kwa hiyo anayeleta barafu huonekana hamtakii mgonjwa mema. Ila katika siku za mwanzo kiungo tayari kinawaka. Joto hupanua mishipa ya damu na kuzidisha uvimbe. Baridi huibana mishipa hiyo na kutuliza neva zinazopeleka maumivu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kwa Asia ya Kusini-Mashariki ulishauri joto liepukwe katika kipindi hicho. Brazil, ambako ugonjwa huu umetesa wengi, wizara ya afya hushauri kukanda kwa baridi dakika 20 kila baada ya saa 4.

Kinachonisumbua zaidi ni suala la dawa. Pwani yetu ina dengi pia, homa nyingine ya virusi inayoenezwa na mbu, na mwanzoni magonjwa haya mawili hufanana mno. Dawa za maumivu kama asprini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumsababishia mwenye dengi kutokwa na damu, kwa hiyo mpaka ithibitike kuwa si dengi mgonjwa hubaki na paracetamol. Mara nyingi haitoshi. Asiyelala kwa maumivu atatafuta diklofenaki duka la dawa, na atauziwa bila kuulizwa lolote. Hapo barafu ina thamani kubwa: haigusi damu, tumbo wala figo.

Wanaoipinga wana hoja. Tafiti za barafu kwa chikungunya ni chache, haiui virusi, na nafuu yake ni ya muda. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu inaweza kumjeruhi asijue, na hata mzima haifai aiweke moja kwa moja kwenye ngozi bila kitambaa. Tena uvimbe ukishapoa na kubaki kukakamaa kwa viungo asubuhi, maji ya vuguvugu na mazoezi mepesi ndiyo hufaa. Wanaokanda kwa moto hawajakosea dawa, wamewahi mno. Mhudumu anayemruhusu mgonjwa kurudi nyumbani na paracetamol angemweleza tu lini atumie kipi.